Siku Korali Mbili Ziliimba Sauti Yangu

Leo Jumanne, na bado sijapita mbele ya parokia. Shuleni naenda kwa njia ya nyuma, ile ya matope, viatu mkononi, sababu njia ya mbele iko na mama wa mikate, na yule mama akiniona tu anaanza kuimba "sol, sol, sol, la, sol", halafu anashika tumbo kwa kucheka. Basi daftari langu, nakuandikia wewe yote jinsi yalivyokuwa, maana wewe angalau hauna meno ya kunichekea.

Papa yangu anafundisha darasa la tano hapa Kabondo, na ndiye anayeongoza korali yetu. Ametunga nyimbo nyingi, lakini hakuna hata moja iliyowahi kutoka nje ya kanisa letu. Safari hii Monseigneur, askofu wetu, alikuwa anakuja Jumapili kwa sikukuu ya parokia, na Père Jef, padri wetu, akapanga hivi: Jumamosi korali mbili, sisi na wale wa mtaa wa Mangobo, tusome kwa karatasi, bila kufundishwa mbele, wimbo mmoja wa Papa na mmoja wa maestro anayewaongoza wale wa Mangobo, na ule utakaokwenda vizuri ndio utakaomwingiza Monseigneur kanisani. Tangu siku ile Papa hakumaliza sahani.

Sasa, mwandiko wa Papa (anisamehe) ni kama kuku wamechakura. Mwaka jana basse, wale wa sauti ya chini, walisoma do mahali pa re na misa nzima ikayumba. Ndipo Père Jef akasema nichukue zile karatasi sita za Papa nikaziandike ndani ya ordinateur yake, sababu mimi niko section commerciale, masomo ya biashara, na ninajua kupiga mashine bila kutazama vidole.

Ordinateur! Iko kama televisheni ndogo ambayo mtu ameiwekea meza ya herufi miguuni, na ndani yake kuna programu ya kuandika muziki: unagusa, mistari mitano inajichora yenyewe, imenyooka kuliko ya rula, unagusa tena, noti inakaa mahali pake, na ukiiomba, inakuimbia ile noti kwa sauti ya nzi aliyefungwa ndani ya chupa, lakini haikosei hata mara moja. Nilikaa mbele yake kama niko mbele ya altare. (Hata viatu nilivua. Hakuna aliyeniambia nivue.)

Wimbo wa Papa una sauti nne: soprano, alto, tenor, basse. Zote zikijipanga kwenye kile kioo kidogo zinabanana kama sambaza, wale samaki wadogo, kwenye kikapu, na Père Jef akaona ninakunja macho.

"Feza, unajiumiza," akasema, akagusa mahali, na sauti tatu zikapotea. Hivi! Ikabaki moja tu, kubwa, safi.

"Mon père! Zingine zimekwenda wapi?"

"Ziko ndani. Ziko tu, hatuzioni."

Nilipata baridi mgongoni. Basi alasiri tatu nikaandika hivyo, sauti moja moja, na alto nikaiacha ya mwisho, sababu ndiyo ninayoimba mimi, kama vile mtu anavyoacha nyama mwisho wa sahani.

Jumamosi saa sita nikamaliza noti ya mwisho, na saa ileile wakaja kumwita Père Jef kwa mgonjwa. Alisimama mlangoni, kofia ya pikipiki kichwani, akanieleza jambo upesi, nusu Kiswahili, nusu Kifaransa, nusu kelele za pikipiki (najua, nusu tatu), "...halafu ndipo uchape. Umeelewa?"

Sikuelewa. Lakini mgonjwa alikuwa anangoja, na mimi ni mtu ambaye hata sokoni wakiniuzia majani ya pondu yaliyooza nasema asante.

"Ndiyo, mon père."

Nikabonyeza kuchapa. Kioo kikaniuliza kwa Kifaransa: sauti zote, au sauti zinazoonekana? Kidoti kilikuwa tayari kwenye "zinazoonekana". Nikafikiri: kama mashine yenyewe imechagua, mimi ni nani wa kuigombeza? Nikaacha. Mashine ya kuchapa ikaanza kulia kama cherehani yenye hasira, na karatasi ikatoka. Sita za Papa zilikuwa zimekuwa moja na nusu! Nikapitisha kidole noti kwa noti: kila kitu sawa, hakuna kosa, sababu sauti niliyotoka kuiandika ndiyo ile ile. Hizo zingine? Nikasema, ziko ndani. Nikaamini kabisa (usicheke) kwamba mashine imekunja sauti nne ndani ya mstari mmoja ili kutuokolea karatasi, na kwamba watu wakianza kuimba zitajifungua. Nikachapa nakala ishirini, watu wawili nakala moja, nikakimbia.

Kanisa lilikuwa limejaa. Papa alikuwa na abacost, koti lake la sikukuu, aliyoipasi mwenyewe. Nilimpa nakala yake, akasoma jina lake juu, lile jina limeandikwa na mashine, akalisoma tena, akapitisha kidole juu yake, na hakushuka chini kutazama noti. Kwa nini atazame? Wimbo uko kichwani mwake.

"Mwalimu, karatasi ya leo iko propre, safi kabisa!" akasema Tonton Bosongo, basse wetu, muuza samaki mwenye sauti ya honi ya meli.

Papa akainua mikono. Akaishusha.

Na watu arobaini, wanaume kwa wanawake, wakaimba alto. Sol, sol, sol, la, sol. Tonton Bosongo naye, kule chini kabisa, sol, sol. Ilikuwa kama nyumba ambayo mafundi wamejenga ukuta mmoja tu, lakini wameujenga mara arobaini.

Maestro wa Mangobo akageuka taratibu. "Mwalimu, pardon. Wimbo wenyewe unafika saa ngapi?"

"Soprano!" Papa akapiga kelele. "Beko wapi?"

"Tuko hapa, Papa! Tunaimba yenye umeandika!"

Ndipo akatazama karatasi. Akaigeuza, akatazama nyuma yake. Akanitazama mimi.

"Feza. Hizi sauti zingine ziko wapi?"

Na mimi, mbele ya korali mbili na mama wa mikate aliyekuwa dirishani, nikajibu: "Ziko ndani, Papa. Hatuzioni tu."

Kanisa lilipasuka. Tonton Bosongo aliketi chini, kwenye sakafu. Mimi nilitaka benchi inimeze.

Papa hakucheka, wala hakunipiga jicho. Alingoja wanyamaze. "Rudieni," akasema. "Vilevile." Wakaanza tena, sol, sol, sol, la, sol, na juu yao Papa akaimba soprano, peke yake, kwa sauti yake ya kukwaruza ya mwalimu. Na pale, daftari, nywele zilinisimama. Miaka miwili naimba alto nikidhani ni kazi ya kujaza nafasi tu. Kumbe ndiyo sakafu aliyosimama juu yake! Hata maestro wa Mangobo alivua miwani.

Lakini sharti ni sharti. Père Jef aliporudi, wimbo uliosomwa vizuri ulikuwa wa Mangobo, na ndio uliomwingiza Monseigneur. Wa Papa umerudi kwenye sanduku. Njiani kwenda nyumbani Papa alikuwa anaimba alto puani, na hiyo iliniuma kuliko fimbo.

Leo baada ya shule nilirudi kwa Père Jef, kwa njia ya nyuma. Akanieleza tena: rudisha zote kwenye kioo kwanza, halafu chapa. "Umeelewa?"

Nimeapa sitasema tena ndiyo ya aibu. Basi nikasema: "Hapana, mon père. Sijaelewa."

Akavuta kiti cha pili, akaketi.