Kanda Mpya Dirishani

Yule mwimbaji wa gitaa kavu, anayetunga nyimbo zake mwenyewe, alitoa kanda mpya wiki ileile binti wa jirani yetu alipotiwa ndani. Ilikuwa miaka ya themanini ikielekea mwisho. Kwetu Mtopanga, mwari akishatiwa ndani haonwi na mwanamume mpaka siku ya harusi. Ni kusingwa liwa na kutiwa hina tu.

Kanda hiyo tuliingojea sote wawili. Jioni nilikuwa nikipiga zile za zamani, mimi huku, yeye kule jikoni, ua wa makuti katikati. Ubeti ukimkolea, hugonga makuti kwa mwiko. Basi mimi, niliyeishia darasa la saba, fundi baiskeli asiye na baiskeli, nikauhesabu mwiko ule kuwa ahadi. Hata pa kuweka kitanda chetu nilishapachagua. Kumwambia, sikumwambia. Alipoposwa na kijana wa Likoni, nikajipa moyo kwamba amelazimishwa.

Nikanunua kanda, nikaweka redio dirishani, nikafungulia sauti mpaka mwisho. Wimbo wa pili ulikuwa wa mtu anayemwomba mpenziwe asiondoke. Gitaa peke yake, na sauti ya mzee yule ikikwaruza kama iliyoamka na kilio. Machozi yalinitoka, wallahi, mikono imejaa grisi nisiweze hata kuyafuta. Nikaurudisha kwa kalamu ya biki, nisile betri, nikaupiga tena. Nangojea mwiko. Akigonga, nitajua naye analia. Nitamwendea baba leo hii akaniposee kwao.

Ikaja hodi. Shangazi yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akuweke! Majirani wengine wamenuna, wewe watuchangamshia harusi." Akakamata redio. "Mwari aupenda huo wimbo, hatulii! Hebu tuazime, wanawake wacheze."

"Ni wimbo wa huzuni, shangazi."

"Huzuni ya nani? Mdundo wote huo! Lete, babu, hina yakauka."

Nikampa, redio na kanda yake.

Alasiri nzima nikausikia kutoka upande wao, makofi na vigelegele juu yake. Sauti ya mwari niliitambua, maana siku zote hufika mwisho wa mstari kabla ya wenziwe. Nikatega sikio nitafute kilio ndani yake, hata kidogo. Hakikuwemo. Pale mwimbaji anapoomba asiachwe, alicheka, akaendelea kuimba, sauti imemjaa furaha.

Magharibi shangazi akarudisha redio, yanukia udi.

"Mwari akushukuru sana. Asema, mwambieni kaka yangu Mungu ampe na yeye mke mwema."

"Amina," nikasema.