Mchoro wa Waya za Simu Mbeya

Mchoro wangu wa kwanza wa waya za simu za Mbeya niliuchora kwa wiki tatu, ukawa sahihi kwa siku moja.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa kijana kutoka Iringa, nimefundishwa kuchora ramani za majengo, nikaajiriwa na ofisi ya simu. Mkubwa wetu, Mzungu, alinipa wino wa rangi nne na amri moja: nioneshe kila waya inaanzia namba gani kwenye sanduku la ofisini, inapita nguzo zipi, inaishia nyumba ya nani.

Wa kunionesha alikuwa fundi wa waya, Mnyakyusa wa makamo aliyepanda nguzo kama ngazi ya nyumbani kwake. Waya zote zilikuwa kichwani mwake. Waya ikisumbua, alimhamishia mwenye simu kwenye nyingine, watu wakaendelea kuongea, naye akaenda zake.

“Baba,” nilimwambia, “waya ya daktari niliiacha namba saba. Mbona leo iko kumi na mbili?”

“Saba ilikuwa inakohoa. Nikaihamisha.”

“Lini?”

“Siku ile ya mvua.”

“Mvua ipi? Hapa mvua ni kila siku!”

Akacheka, akavaa vyuma vyake vya kupandia. Mimi nikarudi kukwangua wino kwa wembe hadi karatasi ikatoboka.

Mchoro wa nne mkubwa aliupenda, akautundika ukutani. Juma lililofuata mnunuzi mmoja wa kahawa alihama, simu yake ikatakiwa kukatwa. Mkubwa akasema atakata mwenyewe. Akafuata mchoro kwa kidole, akafika namba tisa, akabana koleo.

Dada aliyekuwa akiunganisha simu chumba cha pili akapiga kelele: “Nani kamkata Bwana DC? Alikuwa anaongea na Iringa!”

Mkubwa akautazama mchoro, kisha akanitazama mimi. “Umechora nini hapa?”

Siku mbili nyuma nilikuwa nimeapa mbele yake kwamba hakuna kosa. Nilimkuta fundi nyuma ya ofisi anakula ndizi za kuchoma.

“Tisa niliibadilisha Jumamosi,” alisema kabla sijafungua mdomo.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Hukuniuliza.”

Nilikwenda moja kwa moja kwa mkubwa, naye akatoa amri kwamba fundi asiguse kitu bila kuniarifu. Nikajiona nimeshinda.

Jumatatu asubuhi fundi akasimama dirishani kwangu, akanisalimu kwa Kinyakyusa. “Ugonile, mwanangu. Nguzo ya kumi na moja ina kiota cha ndege. Andika.”

Jumanne: “Nguzo ya sokoni imeinama kidogo. Andika.”

Jumatano: “Barabara ya Tukuyu kuna mama ameanika nguo kwenye waya yetu. Shuka mbili. Andika.”

“Baba, nguo zinanihusu nini mimi?”

“Si mlisema kila kitu?”

Mpaka leo sijui kama alikuwa ananichezea. Ila katikati ya viota na shuka, kwa sauti ileile, alisema: “Na ya hospitali iko kumi na nne sasa.” Basi ikanibidi nisikilize yote, kila asubuhi, kwa miaka miwili. Nilichora upya mara kumi na moja.

Nilipohamishiwa Iringa, siku yangu ya mwisho tulihakiki pamoja. Yeye juu ya nguzo anaita namba, mimi chini nashika karatasi, shingo inauma, tunabishana kila hatua. Alasiri tukamaliza. Akashuka, akajifuta jasho, akautazama mchoro kwa muda mrefu.

“Nichoree na mimi mmoja,” alisema. “Siku hizi nimeanza kusahau.”

Nilikaa tena mezani nikamchorea. Nilikuwa nimechoka mno hata nisiweze kufurahi.