Mama wa Endulen na Kisanduku cha Hesabu

Nilipowaambia watu wa kwetu Endamarariek kwamba nilikuwa Ulaya miaka miwili nikisomea shahada ya pili ya tiba ya usemi, mjomba wangu aliuliza kama kabla ya hapo nilikuwa bubu. Nikamweleza kwamba wapo watu wanaopooza upande mmoja wa mwili, maneno yakawapotea, na kazi yangu ni kuwasaidia kuyatafuta. Akasema kwa mke wake hayajapotea hata moja, labda nikayapunguze. Ndiyo heshima niliyorudi nayo nyumbani. Tena shahada yenyewe ilikuwa bado. Katika daftari langu la umahiri kila stadi ilikuwa imetiwa sahihi isipokuwa moja: kumpima mgonjwa aliyepoteza usemi na kuamua amebaki na nini. Hiyo ndiyo iliyonipeleka Endulen, kwa Wamaasai wa Ngorongoro, mwanzoni mwa miaka ya themanini.

Saa kumi na mbili asubuhi, Karatu. Tuliondoka na Landrova ya kuazima, mimi nikiendesha, pembeni yangu msimamizi wangu Bi Hilda, Mwingereza mwenye Kiswahili cha vitabuni na kimya cha mtahini. Nilibeba sukari, majani ya chai, na sanduku la majaribio ya Kizungu niliyoyatafsiri mwenyewe kwa majigambo makubwa. Bi Hilda alibeba kalamu ya kutilia sahihi. Nilimwogopa sana yule mama.

Ukingoni mwa kreta, ukungu mtupu. Nilikuwa nimejisifu njia nzima kwamba nitamwonyesha Ngorongoro yote kutoka juu, na tulichoona ni waipa zikifanya kazi. Mbele kidogo nyati mmoja alisimama katikati ya barabara hadi alipochoka mwenyewe kusimama. Tulimsubiri kwa adabu zote.

Saa saba mchana, boma moja karibu na Endulen. Lemayan, mtoto mkubwa wa mgonjwa, aliyesoma hadi darasa la saba, alitupokea na kunieleza jambo lenyewe bila kuzunguka. Mama yao alipooza mkono wa kulia kabla ya masika, na tangu hapo amebaki na neno moja tu la Kimaasai, sidai, yaani nzuri. Wanawe walitaka kujua kama akili bado ipo. Kama haipo, mama angepelekwa Karatu mjini kwa binti yake, na ng'ombe wake wa maziwa wangegawiwa wake za wanawe. Walikuwa wakiningojea mimi niseme.

Niliinamisha kichwa mbele ya mama, nikamsalimu, "Takwenya, yeyo," yaani shikamoo, mama. Akanigusa utosini kwa mkono wa kushoto, na badala ya kuitikia kama ilivyo desturi akasema, "Sidai." Nikafungua sanduku, Lemayan akitafsiri. Jina lako nani? Sidai. Unaumwa wapi? Sidai. Picha ya mwavuli, sidai. Picha ya treni, sidai. Huyu ni mwanao? Sidai, kwa sauti ya mtu aliyewahi kumchapa.

Tukafika kwenye hesabu. Nikamwomba ahesabu wajukuu wake waliokaa mbele yetu, akiwaonyesha mmoja mmoja kwa kidole. Lemayan alisita, kisha akatafsiri. Mama akafumba mdomo. Nikasema basi, ahesabu ng'ombe wake. Akageuka akatazama ukuta, hata sidai hakuitoa. Nikaandika sifuri kwenye kisanduku cha hesabu katika fomu yangu, na chini yake, kwa mwandiko mzuri kabisa: haelewi maagizo. Nilimwambia Lemayan kwamba naona mama ameathirika sana. Akaitikia kwa kichwa, akatoka kuongea na wadogo zake. Roho iliniuma, lakini si sana, Mungu anisamehe, maana nilikuwa naiwaza ile sahihi iliyobaki daftarini.

Saa kumi na mbili jioni, langoni. Ng'ombe walipoanza kurudi, mama alijikokota kwa fimbo yake akaketi juu ya jiwe. Kila aliyepita alipata neno lake: huyu sidai ya kubembeleza, yule sidai ya kunong'ona, dume mmoja sidai ya matusi. Wa mwisho akaingia, vijana wakashika matawi ya miiba wafunge. Mama akanyoosha fimbo, akaziba nayo lango. Wakamwomba aitoe, akakataa. Lemayan akaingia zizini kutazama, akatoka mbio: yule wa mabaka, mwenye mimba, hayumo. Walimkuta korongoni, ameshazaa, hataki kumwacha ndama.

Hakuna aliyehesabu. Ndipo nilipomkumbuka bibi yangu, ambaye angenizaba kofi kama ningewahesabu wajukuu wake kwa kidole, kwa sababu kuhesabu walio hai ni kuwaitia balaa. Wamaasai ni majirani zetu, na katika hilo hatutofautiani. Nililijua kabla ya kujua kusoma, nikaenda kulisahau Ulaya. Mama alinielewa kila neno. Alikuwa amenikatalia tu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilimfuata Lemayan mbele ya wadogo zake. "Nilikosea," nikasema. "Mama yenu anaelewa yote. Kilichopotea ni njia ya kuyasema."

"Mbona mchana ulisema vingine?"

"Nilimwuliza jambo lisiloulizwa."

Lemayan akacheka. Alikiri kwamba hata yeye aliona haya kutafsiri, ila alidhani sisi wasomi tuna namna yetu. Ng'ombe wakabaki kwa mama, na mama akabaki kwake.

Asubuhi yake tuliwafundisha watu wa boma kumwuliza maswali mafupi, naye ajibu kwa mkono: kifuani ni ndiyo, chini ni hapana. Wakati wa kuaga nikamwuliza, "Yeyo, kazi yangu ilikuwaje?" Boma zima lilingojea lile neno lake moja. Mama akanitazama, akalitazama sanduku langu, akafumba mdomo. Walicheka mpaka wakakaa chini.

Saa tisa alasiri, Karatu, hotelini. Kwa chai na maandazi nilikata ile sifuri, nikaandika kando yake kwamba aliyeshindwa hapo ni muulizaji. Bi Hilda akasoma ukurasa wote, akaweka kikombe.

"Kwa ajili ya ripoti," akasema, "ng'ombe walioingia jioni ile walikuwa wangapi?"

Mpaka leo sijui kama alikuwa ananitega. Nilifumba mdomo, nikatazama ukuta. Bi Hilda akafungua kalamu yake, akatia sahihi.