Milango ya Samaki Huko Katangi

Loise Kasiva, binti ya Musembi aliyechimba bwawa la Katangi kwa jembe, mke wa Mwangangi aliyeezeka makuti pwani nzima, yeye mwenyewe mfuaji wa shuka za wageni kwa miaka tisa, alikuwa na swali moja lililomnyima raha: nyumba ya Tewa ilisimama wapi?

Zamani, kusini mwa Mombasa, kulikuwa na nyumba ndogo kumi na mbili za wazungu wa kuja likizo. Safu moja ilitazama bahari, ya pili ilikuwa nyuma, karibu na kisima. Kila nyumba ilichongwa jina la samaki mlangoni: Changu, Pono, Kolekole, Tewa. Nyuma ya Tewa, mwaka wa sitini na saba, Kasiva alimzika mtoto wake wa kwanza, Mumo, wa miezi minane. Hakukuwa na njia ya kumfikisha nyumbani. Hadi leo yeye ni Mama Mumo.

Wazungu walizeeka, wakaacha kuja. Mwaka wa tisini na nne nyumba zikabomolewa. Wafanyakazi, wengi Wakamba, wakaruhusiwa kuchukua milango, wakaipakia kwenye lori moja hadi kwao bara. Ndiyo maana huko Katangi Changu inafunga duka la unga, na Pono choo cha kanisa.

Mwaka wa 2003 mjukuu wake Nzisa alipata kazi Mombasa, basi Kasiva, akitaka kumtuma kaburini, akaanza kuuliza mlango hadi mlango. Kila mtu alikuwa na lake. Mzee Urbanus, aliyekuwa mlinzi kule, alishikilia kwamba Tewa ilitazama bahari. Mlango wenyewe ulikuwa kwake, kwenye zizi la mbuzi.

"Mama Mumo, mimi ndiye nilikuwa nazunguka na tochi. Wewe ulikuwa unaangalia shuka."

Kasiva aliinama akachungulia bawaba. Za Changu, iliyotazama bahari, alikuwa amezikuta dukani zimeliwa na chumvi hadi zinamomonyoka. Hizi zilikuwa nzima, na rangi bado iko.

"Hii ilikaa mbele ya bahari, mzee? Miaka hiyo yote?"

Urbanus alizipapasa, akacheka akasema mbuzi wake wangemwambia mapema kama angewauliza. Tewa ilikuwa ya nyuma. Na kisima, akaongeza, bado kipo. Alikiona akienda mazishi mwaka jana.

Hapo hesabu ya zamani ikamrudia Kasiva. Kutoka kisimani, bahari ikiwa mkono wa kushoto, alikuwa akihesabu hatua hamsini na mbili hadi Tewa kila asubuhi akipeleka maji, kisha saba kuzunguka ukuta hadi alipolala Mumo.

Nzisa alipoambiwa alianza kuzipima hapo uani, miguu mirefu ya viatu vya mjini. Kasiva akamzuia. Akaleta mukwa wake, ule ukanda wa ngozi wa kubebea maji, unaokaa kwenye paji la uso.

"Hizo ni hatua zako, si zangu. Ukifika, jaza mtungi kwanza, uubebe mgongoni. Ndipo uhesabu. Uniletee udongo wa hapo utakaposimama."

"Sawa, susu," Nzisa akamwambia bibi yake, akajifunga mukwa.