Nyota Zilizovuja

Nyota za nchi yetu zilionekana mchana tu, na mvua iliponyesha zilivuja. Zilikuwa matundu ya misumari katika mabati makuukuu ambayo Tata, baba yetu, aliyaezeka kwenye jiko letu kule kijijini Manga mwanzoni mwa miaka ya sabini. Jiko lilinukia moshi na ndizi zilizofukiwa ziive. Humo ndimo alimolazwa dada yangu Kemunto alipoanguka kutoka kwenye mparachichi na kuvunjika mguu. Mganga wa mifupa alikwisha kufungua vijiti, akasema mguu umeunga, sasa atembee. Kemunto hakuthubutu. Mama alimbembeleza, “Mwenda pole hajikwai.” Akajibu, “Hata mti niliupanda polepole, Mama.”

Akiwa amelala pale juu ya ngozi, aligundua kwamba kila tundu liliangusha doa la mwanga sakafuni, na jua liliposogea, doa nalo lilisogea. Basi akatangaza kuwa sakafu ni nchi, Ng'ambo ya Meko, na msafiri asiyeifuata nyota yake hupotea katika jangwa la majivu. Nyota yake aliiita Jogoo. Asubuhi ilimwangukia kiganjani, adhuhuri ilipita mekoni, alasiri ikafika kizingitini. Mwanzoni aliifuata kwa mkono, kisha kwa kujiburuta, kisha kwa kushika ukuta. Nilipotaka kumwinua alifoka, “Niache! Wewe ni fisi tu huku!”

Masika yakakaribia. Tata akaja na ngazi na kopo la lami.

“Tata, usizibe! Sijafika!”

“Umefika wapi, mwanangu?”

“Mekoni.”

Aliutazama mguu, akalitazama wingu juu ya kilima, akapanda. Nyota zikazimika moja baada ya nyingine, ikabaki moja: Jogoo. “Lami imeisha,” alisema akishuka. Msimu mzima Mama alikinga maji kwa sufuria huku akinung'unika, na kila jua lilipochomoza kati ya mvua, Kemunto alisafiri. Kabla ya palizi ya mahindi alisimama kizingitini, mwanga ukiwa juu ya unyayo wake.

Leo jiko lile lina paa jipya, na wajukuu wa Kemunto huonyeshwa njia na simu. Yeye huchechemea kidogo, lakini hupanda mlima hadi kwenye shamba lake la chai, nami kila nimwonapo hushukuru. Tata alishafariki. Mama alituambia baadaye kwamba kopo la lami alilikuta nyuma ya ghala, likiwa bado na lami nusu. Lakini jina la nyota ile, wala mahali ilipokuwa, hatukuwa tumemwambia mtu mzima yeyote.