Bibi Alishuka Mwenyewe

Katika miezi ile, ukipeleka shati kwa Dada Dobi, ulirudishiwa likiwa safi, limenyooka, kola imesimama, na juu yake ukapewa hotuba bure. Hotuba haikuhusu sabuni wala madoa sugu. Ilihusu bibi mmoja ambaye hajawahi kuzaliwa.

Bibi huyo alikuwa ndani ya gemu lililoitwa Mgongoni. Ukilicheza, wewe ni kijana, na bibi yako hawezi kutembea. Unambeba kutoka kwenye nyumba iliyobomoka hadi mji wa mbali wenye tabibu. Unavuka mito, unapanda majabali, unakimbizwa na mbwa, na muda wote bibi yuko mgongoni analalamika: umenibana, taratibu, hivi macho unayo? Ukichoka, unabonyeza kitufe na kijana anamweka juu ya jiwe, anahema, kisha anambeba tena. Watu waliocheza walimpenda bibi yule kama wa kwao. Halafu mnafika. Lango la mji linafunguka. Bibi anamgonga kijana begani, anashuka mwenyewe, anakung'uta sketi, anaingia mjini kwa miguu yake miwili. Hageuki nyuma. Hata asante hasemi. Basi, gemu limekwisha.

Dada Dobi alipoona hivyo alitupa pedi, kile kidude cha kuchezea, kwenye kapu la nguo chafu, na hasira yake haikupoa tena.

Hakuwa peke yake. Kwenye simu kulikuwa na kundi kubwa la wapenzi wa gemu lile, na mwisho huo uliwapasua pande mbili. Upande mmoja walijiita Waliotapeliwa. Upande wa pili, bila haya yoyote, walijiita Walioelewa. Mtengenezaji mwenyewe, bwana mmoja mkimya anayevaa sweta lilelile katika kila picha, aliulizwa kwa nini alimaliza vile, akajibu kwamba bibi alikuwa anaweza kutembea, akaishia hapo. Jibu hilo lilikuwa kumwagia moto mafuta. Wengine walisema fedha zilimwishia. Wengine wakasema anatayarisha gemu la pili atukamue tena. Kuna mmoja aliapa kuwa bwana yule aligombana na bibi yake juu ya shamba, ingawa hakueleza habari hizo alizipata wapi.

Dada Dobi alikuwa na nadharia yake, na aliitangaza kwa ujumbe wa sauti huku akipiga pasi, hata kundi zima likamjua kwa mlio wa mvuke. "Huyu mtu hajawahi kumuuguza mtu," alisema, pasi ikisema fyuuu. "Anatucheka sisi tunaobeba. Ametukalia kitako kwenye sweta lake anatucheka!"

Na katika kubeba alikuwa na haki ya kusema, maana nyumbani alikuwa na baba yake.

Baba alikuwa kinyozi, mwenye chumba chake kimoja cha kazi mtaa uleule wa duka la binti yake. Siku moja alipanda kiti chake cha kunyolea abadilishe taa, kiti kikazunguka kama kilivyoumbwa kuzunguka, naye akaanguka na kuvunjika mguu. Mguu ukafungwa, ukafunguliwa, ukapona. Daktari akasema mzee atembee kidogo kidogo kila siku mpaka arudi kazini. Dada Dobi alilisikia hilo la kidogo. Mengine yalimpita. Akamweka baba yake kwenye kochi la dirishani, akamletea chai, akamletea maji, akamletea mto wa kuegemeza mguu na mto wa kuegemeza ule mto. Kila jioni alifunga duka mapema awahi kumgeuza.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Siendi, mama. Nakaa vizuri."

"Kaa vizuri bila kuinuka."

Mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini wahenga hawakusema lolote juu ya mwana anayemchelea baba. Dada Dobi alimpenda mzee yule kuliko kitu chochote duniani, na mapenzi yake yalikuwa mazito kama blanketi lililolowa. Mwishowe akaamua: kazi ya kusimama kutwa haimfai Baba tena, na chumba cha kunyolea kipangishwe. Akampata fundi simu anayekitaka. Jumamosi funguo zingechukuliwa. Alipomweleza, Baba alisema, "Sawa, mama," akageuzia uso dirishani. Tangu hapo akawa anasema maneno ya lazima tu. Mashine yake ya kunyolea, iliyokuwa mezani, aliomba iondolewe asiione.

Aliyemleta fundi simu alikuwa Dalali, mteja wa mashati meupe, na huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wa Walioelewa. Haikushangaza. Mtu aliyezoea kusifia vyumba visivyo na madirisha hashindwi kusifia mwisho wa gemu. Ijumaa alikuja kuchukua shati lake, akaegemea kaunta.

"Dada Dobi, wewe tatizo lako hujaelewa."

"Nimeelewa kwamba nimetapeliwa."

"Bibi ni ishara."

"Ishara ya nini?"

Dalali aliangalia dari. "Ya mambo mengi."

"Taja moja!"

"Mambo yenyewe ni ya ndani. Huwezi kuyataja hivi hivi."

"Nimembeba yule bibi mpaka kidole gumba kikaota sugu, halafu uniambie mambo ya ndani? Ningejua anaweza kutembea ningembeba?"

Alikuwa bado anauliza swali hilo, kwa maneno tofauti, harufu ilipowafikia wote wawili. Pasi ilikuwa imetulia juu ya shati jeupe la Dalali. Alipoinua, alama ya pasi ilikuwa pale katikati, ya rangi ya chai, na ncha yake.

"Hii nayo ni ishara," alisema Dada Dobi, ila kwa sauti ndogo, maana shati ni shati na kazi ni kazi. Akaahidi kulilipa.

Jumamosi mchana Dalali alifika nyumbani kuchukua funguo, amevaa shati la mistari. Alimwamkia mzee shikamoo, akajibiwa marahaba, akakalishwa. Kabla hata ya kutaja chumba, alikuwa ameshataja bibi. Dada Dobi naye hangoji kuchokozwa mara mbili. Wakaanza, yeye mlangoni na sahani mkononi, Dalali kwenye ukingo wa kiti. Mtengenezaji ni mwoga. Mtengenezaji ni mwerevu. Ana dharau. Ana mafumbo.

"Samahani," alisema Baba. "Bibi gani huyo asiyetembea?"

"Wa kwenye gemu, Baba. Mgongoni."

"Huyo? Mbona wangu anatembea tangu kule mtoni?"

Dada Dobi akaweka sahani chini.

"Wako yupi?"

"Unaniacha hapa kutwa na hiyo televisheni yenye gemu lako, ulitaka nifanye nini? Nacheza. Lakini mimi mzee, natulia. Namweka bibi kwenye jiwe, naenda msalani. Na safari yangu ya msalani si ya kwenda na kurudi upesi. Nikirudi, nakuta hayupo kwenye jiwe, yuko kwenye kichaka anachuma matunda. Mara ya kwanza nilidhani nimeharibu kitu, nikazima."

"Baba," alisema Dada Dobi, "unakwenda msalani peke yako?"

"Ukiwa kazini, mama, ulifikiri nakwenda na nani?"

Dalali alikohoa, akatazama mistari ya shati lake.

Wakawasha. Dada Dobi akashika pedi, akamweka bibi juu ya jiwe la kwanza, lile ambalo yeye mwenyewe alikuwa amempumzisha juu yake mara nyingi. Kijana akahema, akaacha kuhema. Hapakutokea kitu. Kidole gumba cha Dada Dobi kikaanza chenyewe kukisogelea kitufe, kama mama anayesikia mtoto amejigeuza kitandani.

"Mwache," alisema Baba.

"Atachoka kukaa."

"Mwache, mama. Lete hicho kidude hapa."

Akampokonya. Wakangoja. Kungoja kule kulimtesa Dada Dobi. Alikaa, akasimama, akakunja kitambaa cha meza kilichokuwa kimekunjwa tayari. Kwenye kioo cha televisheni bibi alitazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu anayehakikisha haonekani. Akashusha mguu mmoja. Akashusha wa pili. Akasimama, mkono kwenye jiwe.

"Anaanguka!" alipiga kelele Dada Dobi.

Na kweli bibi alianguka. Akakaa chini kidogo, akanung'unika, akainuka, akaenda zake kichakani.

"Wewe ulikuwa unamngoja muda gani?" Baba alimwuliza Dalali.

"Mimi?" Dalali alijipangusa shingo. "Mimi hata hapo kwenye jiwe nilikuwa simweki. Nilikuwa na haraka ya kufika." Ndivyo mkubwa wa Walioelewa alivyosema, na papo hapo akajutia. "Sasa, Mzee, kwa maoni yako mtengenezaji alikuwa na nia gani?"

"Huyo simjui. Hajawahi kunyoa kwangu."

Dalali alicheka, kisha neno kunyoa likamkumbusha kilichomleta. "Haya, Dada Dobi, tusichelewe. Funguo. Fundi simu ananingoja."

Funguo zilikuwa mfukoni mwa Dada Dobi. Alizishika humo humo, hakuzitoa. Alimtazama baba yake, na Baba alikuwa ameshageuzia uso dirishani, pedi mapajani. Aibu ilimpanda toka miguuni. Siyo aibu ya gemu.

"Mwambie atafute chumba kingine."

"Nimeshampa neno langu! Nitamwambia nini?"

"Mwambie ni ishara."

Dalali aliondoka akinung'unika kwamba kuna watu hawafai kufanya nao biashara wala kucheza nao gemu. Mlango ulipofungwa, Dada Dobi alimgeukia baba yake akiwa na machozi na hasira kwa pamoja, maana hakujua aanze na lipi.

"Kwa nini hukusema? Muda wote huu! Neno moja tu, Baba: naweza. Nimekubebea mpaka kijiko!"

Baba aliweka pedi kando.

"Zamani ulikuwa unafunga duka giza limeshaingia," alisema. "Na tunaishi nyumba moja. Baba umeamkaje, Baba lala salama, basi, hayo ndiyo mazungumzo. Nilipovunjika mguu ukaanza kurudi jua lingalipo. Tunakula pamoja. Unanigombeza. Unanisimulia huyo mtu wa sweta. Mguu ulipopona nikajiambia, ngoja nikae wiki moja zaidi. Halafu nyingine. Ulipoleta habari ya fundi simu nikaona nimejichelewesha, na kusema nikaona haya."

Dada Dobi alipangusa uso kwa kitambaa cha meza. Kisha akatoa funguo, akaziweka kwenye kiganja cha mzee, akamfunga vidole juu yake.

Ungetegemea Baba afurahi. Alizitazama tu.

"Sasa nikirudi kazini," aliuliza, "wewe utakuwa unarudi nyumbani saa ngapi?"

"Nitakupitia jioni, tufunge pamoja, turudi kwa miguu."

"Mimi natembea polepole."

"Nitakungoja," alisema Dada Dobi.