Tate na Miaka Mingi

Mi niliishia sixième primaire, darasa ya sita, lakini ordinateur haiulizake diplôme. Nilijifunza kuandika programme za kompyuta kidogo kidogo, na mwaka ilipita bamama ba maombi ba mutaa yetu, Rwambuzi, bakanituma: "Tupangie majina, mukubwa wa wote mbele. Ule wa kwanza ndiye atabariki batoto pa sherehe, siku ya fête."

Mukubwa, avenue yote inajua, ni tate yangu, mama ya mama yangu. Alikimbia vita ya Djugu na kitenge moja, karatasi zake zilibaki kule. Nikamuuliza miaka.

"Mingi."

Nikaandika: mingi. Programme ikakataa, fasi ya miaka inataka namba tu. Mi mujanja, nikaiongezea mustari moja: ukikuta maneno pa fasi ya namba, geuza weye mwenyewe, usinisumbue. Ikanyamaza. Nikajiona docteur.

Nikamusomea tate liste kwa sauti. Jina yake ilitoka ya mwisho, nyuma ya bibi-arusi wa juzi. Machine iligeuza "mingi" kuwa zéro, kimya-kimya, vile nilikuwa nimeiambia.

Tate aliangalia mikono yake. "Kumbe bila karatasi mutu anarudia utoto. Bon. Batabarikiwa na mwingine."

Nikarudi pa ordinateur.

Nikafuta ule mustari. Makosa ikarudi, nyekundu. Safari hii nikasoma polepole condition, sharti ya ile kazi ya kupanga. Ilisema: leta kitu ya aina yote, bora tu ukiweka mbili pamoja, ijulikane nani iko mbele. Namba haikutajwa. Ni mi niliiweka.

Nikaunda aina yangu, nikaiita Mama. Kama bote babili biko na miaka, pima miaka. Kama hapana, angalia nani alimuona mwenzake akizaliwa.

"Tate, ule mama wa njia ya Lumumba, mwenye lunettes pa macho?"

"Ule? Nilimubeba mugongoni. Alinikojolea."

"Na présidente wa bamama?"

"Mi ndiye nilimukata kitovu. Alikuwa mubaya sana."

Tukapita liste yote hivyo, tate anacheka, mi naandika. Machine ikakubali bila neno.

Siku ya fête, jina yake iliitwa ya kwanza. Alibariki batoto mumoja-mumoja, alafu akaniita.

"Leta na ile ilinikataa."

Nikaleta ordinateur. Akaiwekea mukono pa kichwa.